Mnara wa Jirani na Mawimbi Yasiyoonekana

Katika barua mnazotuandikia kuna swali moja linalorudi mara kwa mara. Mnara umesimamishwa karibu na nyumba yangu, nimwendee nani? Ofisi ya mtaa inasema mambo ya mawimbi ni ya wakubwa wa mawasiliano. Wakubwa wa mawasiliano wanasema kiwanja ni cha halmashauri. Mwananchi anabaki katikati, kama mpira wa kona.

Wiki hii nataka tulitazame swali hilo katika nchi ambayo imelibishania kwa karibu miaka mia moja, nayo ni Marekani. Tena nataka tulipitishe kwa watu ambao kwetu ni wachache mno, wanaredio wa ridhaa. Nimewachagua hao kwa makusudi. Kampuni ya simu ina mawakili na fedha, na ugomvi wake na mwananchi huwa ni wa tembo na sisimizi. Mwanaredio wa ridhaa ni mtu kama wewe, anayekaa nyumba ya pili, na mtambo wake uko kwenye chumba cha nyuma. Hapo ndipo serikali ya mtaa na serikali kuu zinapoonyesha hasa kila mmoja anajua nini.

Mwanaredio wa ridhaa ni kama mchezaji mpira wa ridhaa, halipwi. Anafanya mtihani wa serikali, anapewa leseni na jina la kuitia hewani. Majina ya Kenya huanza kwa 5Z na ya Tanzania kwa 5H. Haruhusiwi kutangaza biashara wala muziki. Anazungumza na wenzake duniani, kwa sauti, kwa alama za Morse au kwa kompyuta. Kwetu watu hao ni wa kuhesabika. Marekani wenye leseni wanapita laki saba. Na huko mtu mmoja anaruhusiwa kurusha hadi wati 1,500. Zipo redio halali za mji mzima zinazorusha kwa nguvu ndogo kuliko hiyo.

Sheria ya kwanza ya kuwabana ilikuja mwaka 1912. Meli ya Titanic ilizama Aprili mwaka ule, na Agosti Bunge la Marekani likapitisha sheria ya redio. Watu wa ridhaa wakaambiwa wasizidi kilowati moja, na wasitumie mawimbi marefu kuliko mita 200. Wataalamu wa wakati ule waliamini kuwa mawimbi mafupi hayafiki mbali, kwa hiyo ilikuwa kama kumpa mtu shamba la mawe. Lakini Desemba 1921 alama za watu wa ridhaa wa Marekani zilisikika Scotland, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, na Novemba 1923 Mmarekani na Mfaransa wakazungumza kwa kujibizana. Shamba la mawe likawa na dhahabu. Masafa mafupi ndiyo yaliyokuja kutuletea sisi idhaa za Kiswahili kutoka London tangu 1957 na Cologne tangu 1963. Kwa hiyo tunawajadili watu ambao sisi wenye redio tuna deni kwao.

Serikali za mitaa ziliingia mapema. Mji mdogo wa Wilmore, katika jimbo la Kentucky, uliamua kuwatoza kodi ya leseni wenye mitambo ya ridhaa. Mmoja akaenda mahakamani, na mwaka 1927 mahakama ya serikali kuu ikaifuta kodi ile. Hoja ilikuwa rahisi. Wimbi la redio halisimami kwenye mpaka wa mji wala wa jimbo, basi mji hauwezi kulidai kuwa ni mali yake. Tangu hapo mpaka ukaanza kuchorwa. Kilicho hewani ni cha serikali kuu, na kilichochimbiwa ardhini ni cha mtaa.

Mpaka huo unaonekana safi mpaka uukaribie. Antena iko hewani, lakini mlingoti wake umechimbiwa ardhini, na antena bila mlingoti ni waya wa kuanikia nguo. Mwaka 1957 mahakama ya juu ya jimbo la New York ilikubaliana na kijiji kilichokataa mnara wa futi 44 kwenye uwanja wa nyumba. Majaji walisema mnara kama ule si kitu cha kawaida cha kuambatana na makazi. Hawakumnyang'anya mtu yule leseni yake. Aliweza kukaa nayo sebuleni na kuitazama.

Miaka ile ilikuwa pia ya televisheni kuingia majumbani. Jirani anatazama mchezo, ghafla picha inakatika mistari na sauti ya mtu asiyemjua inatoka kwenye spika. Mara nyingi kosa lilikuwa la seti yenyewe, iliyotengenezwa bila kichujio cha kutosha, lakini nani atakubali hivyo wakati mnara wa mwenzake unaonekana dirishani? Miji ikaanza kutunga amri za kuzuia muingiliano. Mwaka 1982 Bunge likalimaliza jambo hilo na kusema kwamba habari ya muingiliano wa mawimbi ni ya Tume ya Mawasiliano ya serikali kuu, FCC, peke yake. Aliyelipigania sana ni Seneta Barry Goldwater wa Arizona, yule aliyegombea urais mwaka 1964. Yeye mwenyewe alikuwa mwanaredio wa ridhaa, kwa jina la K7UGA. Wakulima wetu wangependa sana kuwa na mkulima mwenzao namna hiyo pale bungeni.

Sasa tufike mwaka 1985, maana mwaka huo ndio kiini cha mazungumzo yetu. FCC ilifanya mambo mawili, na sijaona mtu akiyaweka pamoja kama yanavyostahili.

La kwanza lilitokea Septemba. Chama cha wanaredio hao, ARRL, kilichoundwa mwaka 1914, kilikuwa kimelalamika kuwa halmashauri zinawanyima minara. FCC ikajibu kwa waraka unaojulikana kama PRB-1. Haikuwapokonya halmashauri madaraka yao yote. Ilisema halmashauri inaweza kuweka masharti ya mahali pa mnara na urefu wake kwa sababu za afya, usalama au sura ya mji, lakini masharti hayo yampe mwanaredio nafasi ya kadiri ya kufanya mawasiliano, na yawe madogo kabisa yanayotosha kufikia lengo la halali la halmashauri. Angalieni neno la kwanza katika yale matatu. Ni afya.

La pili lilikuwa habari ya afya yenyewe. Sheria ya mazingira ya mwaka 1969 ilizitaka idara zote za serikali kuu zipime madhara ya mambo zinazoyaruhusu. Mwaka huo huo wa 1985 FCC ikakubali kutumia kipimo cha usalama wa mawimbi kilichotolewa mwaka 1982 na shirika la viwango la Marekani. Watu wa ridhaa wakaachwa nje kwa jumla. Mitambo yao ilihesabiwa kuwa midogo na inayowashwa mara chache, kwa hiyo hawakutakiwa kupima kitu.

Basi jirani wa mwaka 1985 alikuwa na hali gani? Halmashauri yake iliambiwa iwe na kiasi inapotaja afya. Na mwenye kujua habari za afya, yaani serikali kuu, alikuwa ameamua kutompima mwenye mnara.

Hapa inanibidi nieleze kidogo mawimbi haya yanafanya nini mwilini. Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, si mhandisi, lakini miaka yangu ya kukaa karibu na mitambo imenifundisha kuheshimu ua ulioandikwa HATARI. Mawimbi ya redio si kama miale ya eksirei. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili. Yanachofanya ni kupasha joto, na mtu anayepasha wali kwenye jiko la maikrowevu anafanya kazi hiyo hiyo ndani ya sanduku la chuma. Jiko hilo lilianzia mwaka 1945, pale mhandisi wa kampuni ya Raytheon, Percy Spencer, alipoona chokoleti imeyeyuka mfukoni mwake akiwa karibu na mtambo wa rada. Mwili hujipoza kwa damu inayozunguka. Sehemu zenye damu chache, kama macho, hazijipozi vizuri. Na kuna masafa ambayo mwili wa binadamu, kwa sababu ya kimo chake, huyapokea vizuri zaidi, kama antena iliyokatwa kwa kipimo. Masafa hayo yako kati ya megahezi 30 na 300, na ndani yake mna redio za FM na mikanda kadhaa inayopendwa na watu wa ridhaa.

Kipimo cha 1982 kiliruhusu, katika masafa hayo, miliwati 1 kwa kila sentimita moja ya mraba. Na sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1983 jimbo la Massachusetts liliweka kiwango chake kwa ajili ya raia wa kawaida, sehemu moja ya tano ya hicho, yaani miliwati 0.2. Kaunti ya Multnomah, ambamo mna mji wa Portland katika jimbo la Oregon, nayo ilifika kwenye tarakimu hiyo hiyo katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1980. Hoja yao ilikuwa ya kawaida kabisa. Mfanyakazi wa mtambo anajua yuko wapi, anakaa saa zake na kuondoka. Mtoto aliyelala nyumba ya pili hajui kitu na haondoki. Miaka zaidi ya kumi ikapita. Agosti 1996 FCC ilipotoa vipimo vyake vipya, ilimtenga mfanyakazi na raia, na katika masafa yale ya megahezi 30 hadi 300 raia akapewa miliwati 0.2.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kuwa serikali ya mtaa haina la kusema juu ya sayansi. Madiwani hawa hawakuwa wanafizikia. Walikaa na watu wanaoishi chini ya minara, wakaita wataalamu, wakauliza swali ambalo Washington ilichelewa kuliuliza. Nakubali pia upande wa pili, maana zipo halmashauri zilizotumia neno afya kama fimbo tu, huku kinachowaudhi ni sura ya mnara.

Mahakama zililazimika kutenganisha aina hizo mbili. Mwaka 1993, katika kesi ya kaunti ya Boulder, Colorado, mahakama ya rufani iliona kaunti imejaribu kweli kumpa mwanaredio nafasi, na kaunti ikashinda. Mwaka uliofuata, mji wa Mendota Heights katika jimbo la Minnesota ulishindwa. Majaji walisema haitoshi kupima maslahi ya pande mbili kisha kutoa jibu. Mji unatakiwa uyachunguze maombi, useme umegundua mambo gani ya kweli, na ujaribu kufikia mapatano na mwombaji. Kwa lugha yetu, mji ulitakiwa kukaa barazani na kuzungumza.

Mwaka 1996 ulileta jambo jingine. Februari ya mwaka huo Bunge lilipitisha sheria mpya ya mawasiliano, na kifungu cha 704 kikazikataza serikali za majimbo na za mitaa kuzuia minara ya simu za mkononi kwa sababu ya madhara ya mawimbi, iwapo minara hiyo inafuata vipimo vya FCC. Kifungu kile kinazungumzia simu. Mwanaredio wa ridhaa hakutajwa. Yeye akabaki na PRB-1 yake ya 1985, yenye neno afya ndani yake na kiasi chake.

Lakini msamaha wake wa kupima ulikuwa umefika mwisho. Kuanzia Januari 1998, mwanaredio anayezidi nguvu fulani alitakiwa kuupima mtambo wake. Ukomo ulitofautiana kwa masafa: wati 500 kwenye mawimbi ya mita 40 na marefu zaidi, ukishuka hadi wati 50 pale ambapo mwili hupokea zaidi. Maswali ya usalama wa mawimbi yakaongezwa kwenye mtihani wa leseni. Na apimaye ni nani? Ni yeye mwenyewe. Anachukua kalamu au kompyuta, anaweka nguvu, aina ya antena, urefu wake kutoka chini na dakika anazorusha, na anapata umbali ambao jirani asiusogelee.

Hesabu yenyewe inatuliza moyo kuliko wengi wanavyodhani. Wati 50 zikisambaa sawa pande zote, bila kuhesabu yanayorudishwa na ardhi, zinafika kwenye miliwati 0.2 umbali wa kama mita moja na nusu kutoka kwenye antena. Wati 1,500 zikikusanywa mara kumi upande mmoja na antena kubwa zinahitaji mita 25 hivi mbele ya antena hiyo. Antena ikiwa juu ya mlingoti mrefu, mita hizo 25 zinapita juu ya paa za watu. Kwa hiyo halmashauri inayokata mlingoti wa futi 60 ukawa wa futi 20 kwa ajili ya usalama inaweza kuwa inayaleta mawimbi karibu zaidi na dirisha la jirani. Hili nimelirudia kwa wenzangu wengi na bado linawashangaza.

Kuna kipengele kingine kinachonichekesha kidogo. Familia ya mwanaredio, kama imeelezwa habari za mtambo, inaweza kuhesabiwa pamoja naye kwenye kiwango cha wafanyakazi, ambacho katika masafa yale ni mara tano ya kile cha jirani. Yaani mke na watoto wameajiriwa bila mshahara.

Hatari iliyoua watu ni nyingine, nayo haihitaji kipimo cha miliwati. Ni mlingoti unaosimamishwa karibu na nyaya za umeme ukaziangukia, na ni mtu anayepanda bila mkanda akateleza. Katika miaka ya 1970, Wamarekani walipozipenda redio za CB zisizo na mtihani, watu wengi walikufa kwa antena kugusa nyaya za umeme. Mwaka 1978 tume ya usalama wa bidhaa ikalazimisha antena za CB na za televisheni ziuzwe na maandishi ya onyo na maelezo ya umbali. Mambo haya ya msingi wa zege, kamba za kushikilia, nyaya za umeme na mahali mnara utakapolala ukianguka, yote ni ya halmashauri, na PRB-1 haikuyagusa zaidi ya kutaka kiasi. Hata hivyo kwenye vikao vingi watu husimama kuuliza juu ya kansa, na fundi wa majengo anakaa nyuma na ramani yake bila kuulizwa.

Mwaka 2000 Bunge liliziruhusu serikali za mitaa kuwakamata wenye CB wanaovunja kanuni, jambo ambalo awali lilikuwa la FCC peke yake. Lakini sheria hiyo iliweka wazi kuwa mwenye leseni ya ridhaa asiguswe. Goldwater alikuwa amefariki miaka miwili kabla, ila kivuli chake kilikuwa bado kimekaa bungeni.

Ulaya wamekwenda kwa njia yao. Ujerumani, kwa kanuni ya mwaka 2002, mwanaredio mwenye mtambo usiohamishika unaofikia wati 10, zikihesabiwa pamoja na kazi ya antena ya kuzielekeza, hutakiwa kuiarifu mamlaka ya serikali na kuonyesha umbali wa usalama. Uingereza nayo mwaka 2021 iliweka masharti ya mawimbi katika leseni kwa wanaozidi wati 10 kwa hesabu hiyo hiyo. Tofauti na Marekani ni kwamba Mjerumani huarifu kabla ya kuwasha.

Marekani yenyewe ilibadilisha tena. Kanuni zilizoamuliwa mwaka 2019 zilianza kutumika tarehe 3 Mei 2021. Ile orodha ya wati 50 mpaka 500 ikafutwa, na kila mwanaredio, hata mwenye mtambo mdogo, akatakiwa ahakikishe kwa hesabu kama amesamehewa au hapana. Mitambo ya zamani ikapewa miaka miwili, mpaka Mei 2023. Vipimo vyenyewe havikubadilika. Ile miliwati 0.2 ya Massachusetts na Multnomah ingali pale pale.

Karatasi ya hesabu hizo haipelekwi kokote. Mwanaredio anaiweka kwenye saraka yake, na FCC ikiitaka ataitoa. Diwani akiuliza, ataambiwa mawimbi si yake. Jirani hapelekewi karatasi hiyo. Akitaka kuiona, itabidi apige hodi.